Kwa nini benki inataka uandike kiasi kwa maneno? Jibu lipo kwenye historia ya sifuri

Ukienda benki kuweka hela, fomu inakutaka uandike kiasi mara mbili: kwa tarakimu, halafu kwa maneno. Wengi tunaona ni usumbufu tu. Lakini hofu iliyo nyuma yake ina zaidi ya miaka 700, na chanzo chake ni sifuri.

Zamani watu walihesabu bila sifuri

Wamisri wa kale walichora namba zao. Kijistari kimoja ni 1, kamba iliyozungushwa ni 100, ua la yungiyungi ni 1,000. Ukitaka 300, unachora kamba tatu, basi. Sifuri ya nini hapo?

Warumi walitumia herufi. Mwaka 1888 kwa mtindo wao ni MDCCCLXXXVIII, herufi 13! Sasa jaribu kuizidisha hiyo. Ndiyo maana hesabu zenyewe walizifanya kwa kupanga vijiwe ubaoni, kisha wakaandika jibu.

Wababeli, kwenye Iraki ya leo, walikuwa mbele zaidi. Kwao alama moja ilibadilika thamani kulingana na mahali ilipokaa, kama sisi ambavyo 5 ni tano kwenye 15, lakini ni hamsini kwenye 53. Walihesabu kwa 60 badala ya 10, na urithi wao tunao mpaka leo: saa ina dakika 60, dakika ina sekunde 60.

Shida ni kwamba mahali pasipo na kitu walipaacha wazi, msomaji akabaki kubahatisha. Baadaye wakaweka alama ya kuziba pengo, ila hawakuihesabu kuwa namba.

India yaipa heshima

Mwaka 628, mwanahisabati Brahmagupta wa India aliandika kanuni za sifuri kama namba kamili: namba yoyote ukiitoa kwa yenyewe unapata sifuri, na ukiijumlisha na sifuri haibadiliki.

Karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad akaandika kitabu kuhusu hesabu hizo za Kihindi. Waarabu waliita alama hiyo sifr, yaani tupu. Kiswahili kikapata "sifuri" kutoka Kiarabu, kama kilivyopata sita, saba na tisa. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu, na hata tisa ina jina lake la kale la Kibantu: kenda.

Ulaya yaingiwa na hofu

Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, alijifunza tarakimu hizi akiwa kijana huko Bugia, Algeria ya leo, ambako baba yake alifanya kazi. Mwaka 1202 akazitangaza Ulaya kupitia kitabu chake, Liber Abaci.

Wafanyabiashara walizipenda, lakini si wote waliziamini. Mwaka 1299, chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika kiasi cha fedha kwa tarakimu hizo kwenye vitabu vyao. Waandike kwa herufi! Sababu inayotajwa sana ni udanganyifu: mkwaruzo mmoja wa kalamu unageuza 0 kuwa 6 au 9, na sifuri moja ikiongezwa mwishoni, deni la 10 linakuwa 100.

Mwishowe tarakimu zilishinda kwa sababu zinarahisisha hesabu. Hofu ndiyo haikuisha. Kuongeza 0 kwenye 50,000 ni kazi ya sekunde moja, lakini kugeuza "elfu hamsini" iwe "laki tano" bila kuonekana, hapo kuna kazi.

Kwenye simu, mara nyingi hakuna mahali pa kuandika kwa maneno. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma hela, hesabu sifuri zako kwanza.