Usione Vyaelea: "Mtu Wetu" Chuoni Haundwi kwa Maandamano



Juzi nilisafiri hadi Malaba kumtembelea shemeji yangu, dereva wa malori. Sisi wa Mombasa twaijua Malaba kwa jina tu, ndiko mizigo ya bandari yetu inakopanga foleni kuingia Uganda. Kutoka hapo nikapanda matatu ya Busia. Tulipofika Alupe, mzee mmoja wa Kiteso aliyekaa kando yangu akanionyesha chuo kikuu.

"Ustadh, na huko kwenu mna chuo?"

"Tunavyo mzee. Kimoja Kilifi, kingine Mombasa."

"Na wakubwa wake ni watu wenu?"

Nilicheka, maana swali hilo nimelisikia vibarazani kwetu miaka yote.

Alupe kilianza 2015 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati ya kujitegemea 2022. Chuo cha Pwani na kile cha Kiufundi cha Mombasa vilipata zao 2013. Kila chuo kikifunguliwa, wenyeji hutarajia mtoto wao akalie kiti cha naibu chansela, ambaye ndiye mwendeshaji halisi wa chuo. Kwa Wateso uchungu ni zaidi. Wao ni wachache katika kaunti ya Busia, na mpaka wa mkoloni uliwaacha ndugu zao wengi ng'ambo, Tororo na Soroti.

Je, sheria yasemaje? Katiba, kifungu cha 232, yataka ajira za umma zifuate ushindani wa haki na uwezo, na papo hapo jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe. Sheria ya Uwiano ya 2008 nayo yakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kwa hivyo mwenyeji ana haki ya kuonekana, lakini chuo si shamba la urithi.

Tulipolisahau hilo, tuliaibika. Mwaka 2016 Profesa Laban Ayiro aliteuliwa kukaimu uongozi wa Chuo cha Moi kule Eldoret. Magavana wawili wa eneo hilo waliongoza maandamano kumpinga, kwa kuwa hakuwa wa jamii yao. Baadaye profesa huyo huyo aliongoza Chuo Kikuu cha Daystar.

Lakini pia tusiwafumbie macho wanaosema "wenyeji hawana sifa" kisha wakanyamaza. Sifa zatoka wapi? Ngazi ya chuo ni ndefu. Mtu hupata shahada ya kwanza, ya uzamili, kisha ya uzamivu. Huanza mhadhiri, akawa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa. Katikati awe ameongoza idara au kitivo. Hiyo ni miaka ishirini au zaidi. Siku kiti kinapotangazwa, mashindano yalikwisha kitambo.

Mzee aliniambia binti yake ni mwalimu, ana shahada ya uzamili, lakini uzamivu umekwama kwa karo. Nilinyamaza. Mimi mwenyewe niliishia diploma, na kwetu nawajua watatu waliokwama hapo hapo alipokwama binti yule. Twachangia harusi, twachangia karo ya kidato cha kwanza. Nani kati yetu amewahi kuchangia uzamivu?

Basi mabaraza ya vyuo yaulizwe maswali ya mapema: wahadhiri vijana wangapi wa hapa wameajiriwa, na wangapi wanalipiwa masomo? Kaunti zitenge basari za uzamivu kwa jamii zilizoachwa nyuma, wakiwemo Wateso kule na wenzetu wa Lamu na Tana River huku. Wenye sifa nao waombe kazi, wasisubiri mwanasiasa awashike mkono. Na mgeni akishinda kwa haki, tumpokee, tumdai awalee wenyeji walio chini yake.

Tulipofika Busia mzee alishuka, akanishika mkono: "Basi huyu binti akimaliza, nitakuwa hai?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia inshallah.