Kelele za Gari: Ipi Yaweza Kungoja na Ipi Yataka Safari Ikome

Barabara itokayo Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, huzunguka miteremko ya Mlima Kenya upande wa mashariki. Mito mingi hushuka huko kutoka mlimani, nayo barabara hulazimika kuteremka mabonde yake na kupanda tena: Thuci, Nithi na mengineyo. Dereva wa njia hii hukanyaga breki mara nyingi kuliko mwenziwe wa nchi tambarare, na kasoro isiyoonekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea yaweza kuwa hatari kubwa gari lifikapo Nithi. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, hata asiyejua kushika spana, azitambue kelele zake.

Swali la kwanza si ukubwa wa kelele, bali yasikika lini. Je, ni wakati wa kuwasha injini, wa kukanyaga breki, wa kukata kona, au wa kupita juu ya mashimo? Fundi akipewa jibu hilo nusu ya kazi yake imekwisha, na mwenye gari huokoa fedha, maana wako mafundi wabadilishao vyombo vitatu ili wakipate kimoja kibovu.

Mlio wa breki ndio uwasumbuao watu zaidi. Mvua ya usiku huacha kutu nyembamba juu ya diski. Asubuhi breki hukwaruza mara mbili tatu, kisha hunyamaza. Huo si ugonjwa. Vumbi la barabara za Mbeere nalo likiingia katika ngoma za breki za nyuma huleta kelele, na mara nyingi kusafisha kwatosha. Lakini mlio mkali usiokoma siku nzima una maana nyingine. Pedi nyingi za siku hizi zimetiwa kibati kidogo cha chuma, ambacho hugusa diski pedi ikibakia na unene wa milimita 2 au 3 hivi. Kiliwekwa kwa kusudi kipige kelele. Wako madereva wanaopaka grisi juu ya pedi ili kuunyamazisha mlio. Huo ni ujinga wa kutisha, kwani pedi yenye mafuta haishiki. Mlio ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma, pedi imekwisha na diski inaliwa. Gari la namna hiyo lisiteremshwe Nithi hata mara moja.

Jumapili tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru lilianguka kutoka daraja la mto huo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa gari la kwanza kutumbukia bondeni mle. Yeyote apitaye pale yampasa kujua kwamba breki zikikanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata moto mkali. Mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu huchemka, na pedali huzama bila kelele yoyote. Ndiyo maana dereva mwenye busara huteremka kwa giya ndogo, injini ikimsaidia kulizuia gari, na mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka 2 hivi, ijapokuwa breki hazilii.

Huko Meru na Timau, kwenye baridi ya asubuhi, husikika mlio mwingine mara injini iwashwapo. Huo kwa kawaida ni ukanda wa injini. Mafundi huunyunyizia maji kidogo injini ikizunguka, vidole na nguo zikiwa mbali: mlio ukizidi, ukanda umelegea. Usipuuzwe, kwa maana ukikatika betri haipati tena umeme, na katika magari mengi pampu ya maji husimama pia, injini ikachemka.

Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, tena ukabadilika gari likiinama kwenye kona, huelekea kuwa beringi ya gurudumu. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, hushikwa juu na chini, na kutikiswa. Likicheza, safari ndefu iahirishwe. Ama mgongo wa kama vijiti vivunjikavyo wakati wa kukata kona kali, hutoka katika kiungo cha ekseli ya mbele. Mpira wake umepasuka, grisi imetoka na udongo mwekundu umeingia. Mpira ukibadilishwa mapema, kiungo huokoka.

Wachukuzi wa miraa kutoka Maua husema mzigo wao haungoji, na ni kweli, kwa kuwa majani yakinyauka bei huanguka. Hata hivyo iko kelele moja isiyosikiliza haraka ya mtu: mgongo mzito kutoka ndani ya injini, pamoja na taa nyekundu ya oili. Hapo injini izimwe papo hapo, gari likiwa kando ya barabara, na kiasi cha oili kitazamwe. Ikiwa imepungua, iongezwe. Mgongo ukiendelea baadaye, gari livutwe mpaka gereji, na miraa ihamishiwe gari jingine.