Aliyewahi Winchester

Tarehe 2 Agosti 1100, mshale ulimpata Mfalme William wa Pili wa Uingereza akiwa mawindoni katika msitu wa New Forest. Akafa papo hapo. Mdogo wake, Henry, alikuwa katika msafara ule ule, lakini hakubaki kumlilia. Alipanda farasi, akakimbilia mji wa Winchester ilikohifadhiwa hazina ya ufalme, akadai funguo. Kabaila mmoja, William wa Breteuil, alimzuia. Alimkumbusha kwamba walishakula kiapo cha utii kwa Robert, kaka mkubwa, aliyekuwa njiani akirejea kutoka Vita vya Msalaba. Henry akachomoa upanga. Siku tatu baadaye alitawazwa Westminster.

Ninaanzia hapo kwa sababu vita vilivyozuka baada ya kifo cha Henry huelezwa mno kwa ajali ya meli. Ajali ilitokea kweli, na ilikuwa msiba mkubwa. Ila meli ilimnyima Henry mwana tu. Kilichomnyima binti yake kiti cha enzi ni mchezo ambao baba mtu alikuwa ameucheza mbele ya macho ya wote: wahi hazina, vaa taji, mambo ya viapo yatazungumzwa baadaye.

Alitawala miaka 35, na alitawala kwa mkono wa chuma. Mwaka 1106 alimshinda Robert katika vita vya Tinchebray, Normandy, akamfunga hadi alipofariki mwaka 1134. Nguvu yake hasa ilikuwa katika hesabu. Maofisa waliokusanya mapato ya majimbo walikuwa wakiitwa kwenye meza kubwa iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba. Vihesabio vilipangwa juu ya ile miraba, safu hii ya peni, ile ya shilingi, ile ya pauni, hata asiyejua kusoma akaona kwa macho yake deni analodaiwa. Cheo cha waziri wa fedha wa Uingereza kingali na jina lililotokana na kitambaa hicho. Na ole wake aliyechezea fedha! Mwishoni mwa mwaka 1124 watengeneza sarafu waliotuhumiwa kuchakachua waliitwa Winchester, wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa.

Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120, meli iitwayo Meli Nyeupe iling'oa nanga bandari ya Barfleur, Normandy, ikiwa na watu wapatao 300, mabaharia wake wamelewa mvinyo. Ndani alikuwemo William, miaka 17, mwana pekee wa kiume ambaye Henry alimzaa ndani ya ndoa. Haikufika mbali, iligonga mwamba. Kijana alishatiwa katika mashua ndogo, akasikia dada yake wa baba mmoja akimwita kwa kilio, akaamuru warudi. Watu wakairukia ile mashua, ikazama. Kwa mujibu wa mtawa Orderic Vitalis, aliyenusurika ni mmoja tu, mchinja nyama wa Rouen, aliyekuwa amevaa ngozi za kondoo. Mtawa huyo anasema pia kwamba mpwa wa mfalme, Stephen wa Blois, alishuka kabla meli haijaondoka kwa kuwa tumbo lilikuwa likimwendesha.

Henry alioa tena baada ya miezi michache. Nje ya ndoa alikuwa na watoto zaidi ya 20, lakini mke huyu mpya hakumzalia. Akabaki Matilda, binti yake, mjane wa Kaisari wa Ujerumani. Tarehe 1 Januari 1127 makabaila na maaskofu waliapa kumkubali kuwa mrithi. Stephen alikuwa miongoni mwao, tena aligombea heshima ya kuapa mapema.

Kosa kubwa la Henry, kwa maoni yangu, lilifuata hapo. Alimwoza Matilda kwa Geoffrey wa nyumba ya Anjou, ambayo Wanormandy waliiona adui wa jadi, kisha akakataa kuwakabidhi wanandoa hao ngome alizoahidi. Alitaka binti arithi kila kitu, na asishike chochote baba akiwa hai. Mwaka 1135 ugomvi ukageuka mapigano mpakani. Henry alipofariki tarehe 1 Desemba, inasemekana baada ya kula samaki aina ya lamprei aliokatazwa na tabibu, Matilda alikuwa Anjou, hasemezani na baba yake.

Stephen alivuka bahari mara moja. London ikampokea. Winchester askofu alikuwa ndugu yake, na walinzi wa hazina wakatoa funguo bila upanga kuchomolewa. Kabaila Hugh Bigod akaapa kwamba mfalme alibadili nia akiwa kitandani. Tarehe 22 Desemba Stephen alivaa taji, wakati maiti ya Henry ingali Caen ikingoja upepo wa kuivusha.

Matilda alivuka mwaka 1139 kudai haki yake. Mwaka 1141 jeshi lake lilimteka Stephen mjini Lincoln, na Matilda akafika London kujiandaa kutawazwa, lakini wenyeji wakamfukuza. Stephen akaachiwa, vita vikaendelea. Desemba 1142, akiwa amezingirwa Oxford, alitoroka usiku kwa miguu juu ya theluji, amevaa nguo nyeupe asionekane. Wakulima ndio walioteketea: mashamba yalichomwa na kila mwenye ngome akajifanyia sheria zake.

Mwaka 1153 Stephen, aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe mkubwa, alikubali arithiwe na mtoto wa Matilda. Alifariki mwaka uliofuata, na tarehe 19 Desemba 1154 kijana huyo alitawazwa kuwa Henry wa Pili. Mama yake aliishi hadi mwaka 1167, akafia Rouen bila kuvishwa taji la Uingereza.