Tuzo kwa wanaoonya mapema

Gerald Loeb, dalali wa hisa nchini Marekani, alianzisha tuzo za uandishi wa habari za biashara mwaka 1957, akikusudia mwekezaji wa kawaida apate habari za kumlinda. Miongoni mwa tuzo hizo imo ya maoni. Kwa nini maoni yatuzwe? Kwa sababu takwimu peke yake hazimwelezi msomaji hatari inayomkabili.

Mwaka 2007, Steven Pearlstein wa gazeti la Washington Post alionya kuhusu mikopo holela. Aprili 2008 alitunukiwa tuzo nyingine mashuhuri, Pulitzer, katika kundi la maoni. Septemba mwaka huo huo benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Tuzo humheshimu aliyeonya, lakini haiwalazimishi wenye mamlaka kumsikiliza.