KIPANYA KINACHELEWA? USIUZE MAHINDI BADO!

Leo tuongee kuhusu kipanya. Si zile Hiace za Dar, nasema kipanya cha kompyuta!

Juzi hapa Namanyere nilifungwa magemu matano mfululizo na mdogo wangu wa kidato cha pili. Mkono unasogea, kishale kinafuata taratibu kama mtu anayedaiwa. "Kaka, umezeeka!" Washikaji wakacheka. Iliniuma, nikapanga kuuza magunia mawili ya mahindi nikanunue kompyuta mpya.

Kumbe wapi! Kwanza, kipanya changu hakina waya, na kipokezi chake nilikichomeka nyuma, jirani na tundu la USB 3.0, ambalo huweza kuvuruga mawimbi yake. Nikakihamishia mbele. Pili, kioo changu ni televisheni, ambayo hupiga picha pasi kwanza ndipo ikuonyeshe. Nikaiweka kwenye mpangilio wa gemu. Tatu, nikazima V-Sync, inayozipanga picha foleni. Ukiizima picha inaweza kuchanika kidogo, vumilia. Nne, kipanya kilikuwa kinatoa taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Nikakipandisha hadi 1,000, ikawa milisekunde 1.

Jumamosi tukarudiana. Dogo kanifunga tena, lakini 3-2, jasho likimtoka! Mahindi yangu yapo ghalani.

Kwa hiyo ndugu yangu, kagua kwanza, ndipo uguse mfuko. Tukutane wiki ijayo. Baibai!