Rushwa katika Huduma za Afya: Ijue Haki Yako Kabla ya Kutoa Fedha

Kwa mwananchi wa Runzewe, mji uliopo wilayani Bukombe, mkoani Geita, kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Nyakanazi na mpaka wa Rusumo, zahanati na kituo cha afya cha Serikali ndiyo mlango wa kwanza wa matibabu. Mlango huo hutumiwa na mkulima, mfugaji, msafiri na mchimbaji mdogo wa dhahabu ambaye pengine ana wiki chache tu tangu ahamie. Mgeni asiyeujua utaratibu wa kituo, na asiye na ndugu wa kumuuliza, ndiye anayeweza kudaiwa fedha isiyostahili akadhani ni ada halali.

Tatizo hili si geni. Tume ya Rais iliyochunguza kero ya rushwa nchini mwaka 1996, chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Warioba, iliitaja sekta ya afya miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Tume ilitofautisha wanaopokea rushwa kwa sababu ya kipato duni na wanaoipokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Kwa mgonjwa, hata hivyo, matokeo ni yale yale: asiye na fedha hucheleweshwa au hukosa huduma. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekatishwa tamaa akaacha dawa hujiweka katika hatari ya kupata kifua kikuu sugu, na kuwaambukiza walio karibu naye.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inakataza kuomba, kupokea na kutoa hongo. Fedha hiyo huitwa chai, soda au asante. Jina halibadilishi kosa. Sheria hiyo pia inakataza rushwa ya ngono, yaani mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma au upendeleo.

Si kila usumbufu ni rushwa. Dawa inaweza kuisha kituoni, na mtaalamu akamwandikia mgonjwa cheti ili akanunue nje. Shaka huanza pale mgonjwa anapoambiwa dawa imekwisha, kisha akauziwa dawa hiyo hiyo pembeni na mtumishi. Anapoelekezwa duka moja tu na kukatazwa mengine. Au anapokuta dukani dawa yenye alama ya GOT, inayotambulisha mali ya Serikali ya Tanzania.

Silaha ya kwanza ya mwananchi ni kujua anachostahili. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI pia hutolewa bila malipo. Ni vyema kuuliza mapema ni huduma zipi zimo katika msamaha, badala ya kusubiri mgonjwa azidiwe.

Silaha ya pili ni stakabadhi. Malipo halali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi. Fedha inayopokelewa mkononi bila stakabadhi haionekani katika hesabu za kituo, na haiwezi kununua dawa wala vifaa.

Silaha ya tatu ni kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Wajumbe hao hushuhudia mapokezi ya dawa kutoka Bohari ya Dawa. Mwananchi anayo haki ya kuwauliza katika mkutano wa kijiji ni dawa zipi zilipokelewa na zimetumikaje. Pale mapokezi yanapojulikana na watu wengi, wizi hukosa maficho.

Anayeombwa rushwa na atoe taarifa mapema. Hofu ya kushitakiwa ina msingi, kwa kuwa sheria humgusa mtoaji pia. Ndiyo maana taarifa inafaa itolewe mara fedha inapoombwa, kabla haijatolewa. Kwa kufanya hivyo, TAKUKURU hupata nafasi ya kuchunguza na hata kuandaa mtego. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inaweka ulinzi kwa anayefichua uovu kwa nia njema. Pale hali ya mgonjwa isiporuhusu kusubiri, ndugu amwone mara moja mganga mfawidhi wa kituo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Rushwa nayo ni maradhi, na watumishi wengi waadilifu huchafuliwa jina na wachache wasiotajwa. Taarifa ieleze siku, saa, mahali, kiasi kilichoombwa na huduma iliyozuiliwa. Itolewe katika ofisi ya TAKUKURU iliyo karibu, au kwa kupiga simu namba 113, bila malipo.