Muwasho Hauonekani, Lakini Hupimika: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Dawa za Ngozi

Homa hupimwa kwa kipimajoto, na shinikizo la damu hupimwa kwa mashine. Muwasho wa ngozi hauna kifaa cha namna hiyo. Katika zahanati ya kijiji na katika hospitali ya rufaa ni mamoja: hakuna chombo kinachowekwa juu ya ngozi kikaonyesha mgonjwa anawashwa kwa kiasi gani. Hata hivyo muwasho hupimika. Anayeupima ni mgonjwa mwenyewe, akiulizwa swali lililo sahihi na kulijibu kwa utaratibu ule ule kila siku.

Tunaueleza utaratibu huo kwa watumiaji wa mikoa ya Mbeya na Iringa kwa sababu inayogusa mfuko na afya zao. Wapo wanaonunua dawa ya kupaka, wakapata nafuu kwa siku mbili tatu, wakaamini wamepona kumbe ugonjwa unaendelea kuenea chini kwa chini. Wapo pia wanaoiacha dawa inayofaa kwa kuwa hawakuona nafuu siku ya pili. Kipimo kinachohitaji daftari na kalamu tu kingewasaidia wote.

Kwa nini macho hayatoshi

Mwaka 1660 daktari Mjerumani, Samuel Hafenreffer, alieleza muwasho kuwa ni hisia isiyopendeza inayomfanya mtu atake kujikuna. Maelezo hayo yanatumika hadi leo, nayo yanatukumbusha kwamba muwasho ni hisia. Anayeutazama mwili wa mwenzake huona vipele, michubuko ya kucha au ngozi iliyokuwa ngumu kwa kukunwa muda mrefu. Hayo ni matokeo ya muwasho, si muwasho wenyewe.

Watu wazima wengi wanaikumbuka klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria nchini hadi mwaka 2001. Baadhi ya walioimeza waliwashwa mwili mzima usiku kucha, ilhali ngozi yao haikuwa na kipele hata kimoja. Kwa kuwatazama tu, mtu angedhani hawana shida. Vivyo hivyo, magonjwa ya ini na ya figo huweza kuleta muwasho mkali bila upele wowote.

Watafiti wamejaribu pia kumvalisha mgonjwa kifaa mkononi kinachohesabu mitikisiko ya mkono wakati wa usiku. Kifaa hicho husaidia, lakini hakiwezi kutenganisha kikamilifu mkono unaokuna na mkono wa mtu anayejigeuza kitandani. Kwa hiyo, hata katika utafiti wa dawa mpya, mgonjwa huulizwa.

Mazingira yetu na muwasho

Katika nyanda hizi, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi na hewa kavu. Ngozi hupoteza unyevu, hasa ikiogeshwa kwa maji ya moto sana na sabuni kali, na mtu mwenye ukurutu au mwenye umri mkubwa huwashwa zaidi. Baridi hiyo hiyo huwafanya watu walale karibu na kushirikiana mablanketi, majumbani na katika mabweni ya shule, na hapo upele unaosababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozini hupata njia ya kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Aidha, katika maeneo ya Rungwe na Busokelo, penye mito inayokwenda kasi, kuna historia ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi na ambao dalili yake kubwa ya ngozi ni muwasho.

Muwasho wa aina zote hizi huelekea kuzidi usiku. Mwili hupata joto chini ya blanketi, na akili haina jambo jingine la kuishughulisha. Ndiyo maana anayeulizwa mchana, akiwa kwenye foleni ya hospitali, anaweza kutaja namba ndogo kuliko hali halisi ya usiku wake.

Swali moja, kila siku

Tunakushauri ujiulize swali lifuatalo mara moja kwa siku, kwa saa ile ile, kwa mfano asubuhi kabla ya kunawa uso:

"Katika saa 24 zilizopita, muwasho wangu ulipokuwa mkali kuliko wakati wowote, ulifikia namba ngapi kati ya 0 na 10?"

Namba 0 maana yake ni kutowashwa kabisa. Namba 10 ni muwasho mkali kupita wote unaoweza kuufikiria. Andika namba hiyo pamoja na tarehe. Kisha ongeza mambo matatu kwa ufupi: uliamka mara ngapi usiku kwa sababu ya kuwashwa, ni sehemu gani za mwili ziliwasha, na ulipaka au ulimeza nini siku hiyo. Usiache kuandika siku ambayo huna muwasho, kwani sifuri nayo ni taarifa.

Asiyezoea namba anaweza kutumia punje 10 za maharage. Aziweke mezani, kisha asogeze pembeni zile zinazolingana na muwasho wake. Mzee anayezungumza zaidi Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe aulizwe kwa lugha yake, ilmradi maana ya swali isibadilike siku hadi siku. Anayeona hata punje zinamchanganya achague neno moja kati ya haya: hakuna, kidogo, wa kati, mkali, mkali mno.

Mtoto mdogo hawezi kujibu. Kwake mzazi ahesabu mara alizoamka akijikuna, aangalie kama kuna alama mpya za kucha, na aandike kama alicheza na kula kama kawaida. Hicho ni kipimo cha mwangalizi, kwa hiyo kisichanganywe na namba za mtu anayejisemea mwenyewe.

Namna ya kuzisoma namba

Kwa kawaida namba 1 hadi 3 huhesabiwa kuwa muwasho kidogo, 4 hadi 6 muwasho wa kati, 7 na 8 muwasho mkali, na 9 na 10 muwasho mkali mno. Lakini namba ya siku moja ina maana ndogo. Mtu huweza kutaja 6 leo na 5 kesho pasipo jambo lolote kubadilika.

Njia iliyo bora ni kujumlisha namba za siku 7 na kugawanya kwa 7. Tuchukue mfano wa kubuni. Kabla ya dawa, mgonjwa aliandika 8, 7, 8, 9, 8, 7 na 9. Jumla ni 56, na wastani ni 8. Katika wiki ya pili ya matibabu aliandika 5, 4, 4, 3, 4, 4 na 4. Jumla ni 28, na wastani ni 4. Muwasho umeshuka kwa namba 4. Kwa mtu aliyeanza na muwasho mkali, watafiti wengi huhesabu mshuko wa kiasi hicho kuwa nafuu kubwa isiyotiliwa shaka. Mshuko wa 2 au 3 huweza kuwa nafuu ambayo mgonjwa anaitambua. Mshuko wa namba 1 usikufanye ununue kopo la pili.

Namba za watu wawili zisilinganishwe. Saba ya jirani si lazima iwe sawa na saba yako. Kipimo hiki kimekusudiwa kukulinganisha wewe wa leo na wewe wa wiki iliyopita.

Namba ikishuka, ugonjwa umepona?

Hapa ndipo mtumiaji anapotakiwa kuwa makini. Kipimo hiki hupima muwasho. Hakipimi chanzo chake. Mambo matatu yafuatayo yanaonyesha tofauti hiyo.

Jambo la kwanza ni krimu zenye steroidi, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Steroidi hutuliza muwasho haraka, na kwa ukurutu, ikitumika kama ilivyoelekezwa, ni dawa ya maana. Lakini ikipakwa peke yake kwenye fangasi au kwenye upele wa wadudu, hutuliza hisia huku chanzo kikibaki na kuenea. Daftari hulifichua jambo hilo: namba hushuka kutoka 8 hadi 3 ndani ya siku chache, kisha hupanda hadi 7 mara krimu inapoisha, na sehemu zinazowasha huongezeka. Ukiuona mfuatano huo, usinunue tena krimu ile ile. Nenda ukachunguzwe. Matumizi ya muda mrefu, hasa usoni na kwenye mikunjo ya mwili, huifanya ngozi iwe nyembamba na iwe na michirizi isiyofutika.

Jambo la pili ni upele wa wadudu. Baada ya matibabu sahihi, muwasho huweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki ya wadudu waliokufa. Namba inayoshuka polepole katika kipindi hicho si ushahidi kwamba dawa ni mbovu, wala si sababu ya kuipaka kila siku kinyume cha maelekezo. Ikiwa namba haishuki baada ya wiki 4, au vipele vipya vinatokea, rudi kwa mhudumu wa afya. Ukumbuke kwamba wote wanaoishi nyumba moja hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, kwa kuwa anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa.

Jambo la tatu ni vidonge vya ivermektini vinavyogawiwa katika jamii ili kudhibiti usubi, ambavyo idadi yake hupimwa kwa kimo cha mtu. Kwa mwenye vimelea, muwasho huweza kupanda kwa siku chache baada ya kumeza, vimelea vinapokufa. Anayejua hivyo hatakimbia ugawaji wa mwaka unaofuata. Kwa ugonjwa huu majibu ya wagonjwa yamekwisha kuleta mabadiliko makubwa. Tafiti zilizowauliza watu wa vijijini katika Afrika zilionyesha kwamba usubi hauharibu macho tu, bali muwasho wake huwanyima watu usingizi na kazi, na matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa hoja zilizosukuma kuzinduliwa kwa Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi mwaka 1995.

Unapokwenda kununua dawa

Chukua daftari lako uende nalo, iwe ni famasi au Duka la Dawa Muhimu. Mtoa dawa akiona namba za wiki moja na sehemu zinazowasha, ana msingi wa kukushauri kuliko anaposikia "naomba dawa ya muwasho". Muulize dawa hiyo inatibu nini, kama ina steroidi, itumike siku ngapi, na nafuu itarajiwe baada ya muda gani. Andika majibu hayo pembeni ya namba zako.

Kataa krimu iliyopakuliwa kwenye kikopo kisicho na lebo. Dawa halali ina jina, maelezo ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo. Usitumie vipodozi vya kung'arisha ngozi kama tiba ya muwasho. Vile vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Kwa ngozi kavu ya kipupwe, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara baada ya kuoga, hutosha kwa watu wengi na gharama yake ni ndogo. Dawa za mzio zinazoleta usingizi zisitumiwe na anayeendesha pikipiki, gari au mitambo. Dawa ikikudhuru, au ukiitilia shaka, toa taarifa kwenye kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na uhifadhi kopo pamoja na risiti.

Wakati usiopaswa kusubiri namba

Nenda kituo cha afya mara moja endapo muwasho unaambatana na kuvimba uso au midomo, kupumua kwa shida, malengelenge au ngozi kubanduka baada ya kutumia dawa, vidonda vya mdomoni au machoni, homa na usaha, au macho kuwa ya manjano. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo bila vipele naye asisubiri, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya tatizo la ini linalohatarisha mtoto aliye tumboni.

Muwasho uliodumu wiki 6 au zaidi huitwa muwasho sugu, nao unastahili uchunguzi hata kama namba zake ni ndogo. Mhudumu anaweza kuagiza vipimo vya damu vya ini, figo, kisukari au VVU. Mpe daftari lako kabla hajaanza kukuuliza. Namba za wiki mbili, zilizoandikwa na mgonjwa mwenyewe, zitamweleza mambo ambayo kuitazama ngozi mchana mmoja hakuwezi kuyaeleza.